Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyelisoma taya la mtoto wa Uganda

GEGO la mtoto wa miaka 4 halipaswi kucheza. Meno ya mbele ya utotoni huanza kung'oka mtoto anapofikisha miaka 6 hivi, lakini magego ya utotoni hukaa mahali pake hadi miaka 9 na kuendelea, mengine hadi 12. Gego likicheza kabla ya wakati huo, na shavu la upande ule ule likavimba, kuna jambo ndani ya taya ambalo jicho la mzazi haliwezi kuliona.

Katika masoko yetu ya mpakani, kuanzia Bwera hadi Mpondwe, na hata ng'ambo ya mto Lhubiriha kule Kasindi, nimewasikia akina mama wakishauriana juu ya mtoto wa namna hiyo. Mmoja husema ni jino bovu, ling'olewe. Mwingine husema ni jipu, lisubiriwe liive. Mwingine husema mzigo wa maharagwe uuzwe kwanza, kisha pesa ikipatikana mtoto apelekwe hospitali wiki ijayo. Mara nyingi ni jino bovu kweli, na mambo huisha salama. Lakini kuna uvimbe mmoja ambao haumngojei mtu auze maharagwe.

Uvimbe huo una jina la mtu. Huitwa limfoma ya Burkitt, na mtu mwenyewe, Denis Parsons Burkitt, aliutambua akiwa daktari wa kupasua hapa hapa Uganda. Alifariki zamani, mwaka 1993, na vijana wengi wa Kasese hawajui kwamba habari iliyompa sifa duniani kote ilianzia kwenye uso wa mtoto aliyelazwa Mulago. Leo nawasimulia maisha yake, kwa sababu ndugu zetu wanaovuka mpaka kila siku, na wale waliorejea nyumbani baada ya kuishi mbali, wana sababu ya pekee ya kuyajua.

MTOTO WA MPIMA ARDHI

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa wilaya, mtu wa barabara, madaraja na vipimo. Mzee huyo alikuwa na mazoea ambayo majirani huenda waliyaona ya ajabu: aliwafunga ndege wadogo wa bustanini kwake pete miguuni, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anaishi wapi na mwisho wa eneo lake ni upi. Kazi hiyo ya bustanini ilikuja kuheshimiwa na wataalamu wa ndege. Mwanawe alikua akiona kwamba jambo likichorwa kwenye ramani, hujieleza lenyewe.

Akiwa na miaka 11, watoto walikuwa wakirushiana mawe na jiwe moja likampiga usoni. Miwani ilivunjika na vipande vikaingia jichoni. Jicho la kulia likapotea. Ndugu msomaji, mtu mwenye jicho moja huona vizuri mbele yake, lakini kupima kina humpa taabu, kwa kuwa ubongo hutumia macho mawili kujua kitu kiko karibu au mbali. Jambo hilo tulikumbuke, maana litarudi.

Alianza masomo ya uhandisi katika Chuo cha Trinity, Dublin, akitaka kufuata nyayo za baba yake. Alipoingia katika kundi la wanafunzi Wakristo, aliamua kwamba wito wake ni udaktari, akabadilisha masomo. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata sifa za daktari mpasuaji kutoka Edinburgh. Aliomba kazi ya serikali katika makoloni ya Afrika, akakataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto jeshi la Uingereza likawa na uhaba wa madaktari, na mwaka 1941 likamchukua. Alifika Kenya na Somalia akiwa askari daktari, na katika likizo moja akaitembelea Uganda. Aliipenda. Mwaka 1943 alikuwa amemwoa Olive Rogers, muuguzi, na baadaye walijaliwa mabinti watatu.

BUSHA LA LANGO

Mwaka 1946 aliajiriwa na serikali ya Uganda na kupelekwa Lira, wilaya ya Lango. Huko alikuwa daktari wa kila kitu: mifupa iliyovunjika, uzazi, ngiri na mabusha. Ni mabusha yaliyomfungua macho. Aligundua kwamba wanaume wa upande mmoja wa wilaya waliugua busha kwa wingi sana, na wa upande mwingine kwa nadra. Badala ya kuendelea kupasua tu, alifuatilia kila upande, akalinganisha na minyoo ya damu inayoenezwa na mbu, akaandika matokeo yake katika jarida la madaktari mwaka 1951.

Hapo palikuwa na mbegu ya kazi yake yote. Daktari mwingine angeuliza mgonjwa ana nini. Burkitt aliongeza swali la pili: anatoka wapi? Na la tatu: kwa nini anatoka huko na si kwingine?

Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago, Kampala, akawa mmoja wa wapasuaji wakuu wa hospitali hiyo iliyokuwa pia mahali pa kufundishia madaktari wa Makerere.

MTOTO WA PEMBE NNE

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita akamwone mtoto wa kiume wa miaka 5 hivi. Mtoto alikuwa amevimba mataya yote, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea na uso umepoteza umbo lake. Jipu halivimbi pembe nne kwa wakati mmoja. Saratani ya kawaida ya mfupa pia haifanyi hivyo, huanzia mahali pamoja. Burkitt alimpiga picha mtoto yule, akachukua kipande cha nyama kwa uchunguzi, na hakuwa na jibu.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja kikazi. Akatazama nje dirishani na kumwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vile vile, ameketi na mama yake. Alitoka kwenda kumpima, na safari hii hakuishia usoni. Alipoligusa tumbo, akakuta uvimbe ndani yake pia. Watoto wawili wenye uvimbe wa ajabu wa aina moja hawakuwa bahati mbaya tu. Alirudi Mulago akafungua mafaili ya wagonjwa wa zamani na rekodi za saratani. Akakuta kwamba uvimbe wa taya ulikuwa miongoni mwa saratani za watoto zilizoonekana mara nyingi zaidi, na kwamba watoto wale wale walikuwa na uvimbe kwenye figo, ini, ovari au karibu na jicho. Kila daktari alikuwa ameandika kiungo alichokiona yeye. Hakuna aliyekuwa ameviunganisha.

Hata Albert Cook, daktari mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa amewaona watoto wa aina hii miongo mingi kabla. Ugonjwa haukuwa mpya. Kipya kilikuwa ni mtu aliyejumlisha.

Mwaka 1958 Burkitt alichapisha habari za watoto 38 katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Miaka michache baadaye wataalamu wa maabara wa Makerere, Gregory O'Conor na Jack Davies, walionyesha kwamba saratani hii si ya mfupa. Ni ya chembe za damu zinazopigana na maradhi, yaani limfoma.

CHUMBA CHA HEWA NDANI YA USO

Ili tuelewe kwa nini uvimbe huu hujificha, natuingie kidogo ndani ya uso. Mfupa wa taya la juu si mzito kama jiwe. Ndani yake, chini ya jicho na kando ya pua, mna chumba kitupu chenye hewa kiitwacho sainasi. Mtoto akizaliwa chumba hicho ni kidogo sana. Hukua pamoja na uso na meno, na kwa mtu mzima hubeba takriban mililita 15, sawa na vijiko vitatu vya chai. Sakafu yake iko juu kabisa ya mizizi ya magego ya juu. Paa lake ndilo sakafu ya jicho.

Kwa sababu hiyo jirani mmoja akiugua, wengine hupata habari. Usaha wa gego la juu unaweza kupenya sakafu na kujaza sainasi, mtu akatokwa na makamasi yenye harufu mbaya upande mmoja wa pua. Gego la juu la mtu mzima liking'olewa kwa nguvu bila kupimwa, sakafu inaweza kutoboka, na maji anayokunywa yakatokea puani. Na limfoma ya Burkitt ikianza kwenye taya la juu la mtoto, karibu na meno yanayoota, hujaza mfupa, hula sakafu na kuta za kile chumba, kisha husukuma jicho litokeze nje.

Enzi za Burkitt kulikuwa na picha za eksirei za kawaida. Kwenye picha ya jino lenye afya, mzizi huzungukwa na mstari mwembamba mweupe, ambao ni ukuta wa mfupa ulioshika jino. Kwa watoto hawa mstari huo ulipotea mapema, hata kabla uso haujaharibika, na meno yakaonekana kana kwamba yanaelea. Hiyo ilikuwa dalili kubwa. Lakini eksirei ya kawaida huulaza uso wote juu ya karatasi moja: mfupa wa mbele hufunika wa nyuma, na kina hakionekani. Ni kama kutazama kwa jicho moja.

Siku hizi kuna mashine ya meno inayopiga picha za pande tatu, iliyoingia sokoni Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1990. Mgonjwa huketi au husimama, na mashine humzunguka kichwa mara moja ikipiga picha mamia kwa muda mfupi. Kompyuta huziunganisha kuwa umbo moja lililogawanywa katika vijitofali vidogo, kila kimoja chini ya nusu milimita. Daktari anaweza kulikata umbo hilo kwenye skrini kutoka upande wowote, akapima urefu na upana wa sainasi, ujazo wake, unene wa sakafu, na umbali kutoka mzizi wa gego hadi chumba cha hewa. Mpasuaji wa meno anayetaka kupandikiza jino la bandia hupima kwanza mfupa uliobaki chini ya sainasi, asije akatoboa.

Lakini mashine hiyo ina mipaka. Huona mfupa na hewa vizuri, nyama laini huiona vibaya. Ikionyesha kwamba chumba kimejaa, haisemi kimejazwa na nini. Kwa saratani bado inahitajika kuchukua kipande cha nyama na kukitazama kwa darubini, na kupima tumbo, damu na uti wa mgongo. Kwa maneno mengine, bado inahitajika kufanya alichofanya Burkitt pale Jinja: kutoka usoni na kumpima mtoto mzima.

RAMANI, GARI KUUKUU NA MLIMA

Burkitt hakuwa na mashine hiyo. Kipimo chake kilikuwa ramani ya Afrika. Alichapisha vikaratasi vyenye picha za watoto wagonjwa na kuvituma kwa madaktari wa hospitali za serikali na za misheni, akiuliza kama wamewaona watoto wa namna hiyo. Kila jibu la ndiyo alilichomekea pini kwenye ramani ukutani. Pini zikajipanga kama mkanda unaokatiza Afrika ya kati, na mkia unaoteremka pwani ya mashariki hadi Msumbiji.

Alitaka kujua mkanda unaishia wapi. Oktoba 1961, pamoja na madaktari wawili, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva kule West Nile na Cliff Nelson, aliondoka Kampala katika gari kuukuu la aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Williams alijua ufundi wa magari, jambo ambalo msafiri yeyote wa barabara za wakati ule atalielewa. Walikwenda maili 10,000 hivi, sawa na kilomita 16,000, kwa muda wa wiki 10 hivi, wakipitia Tanganyika, Nyasaland, Msumbiji na Rhodesia hadi Afrika Kusini, wakaingia hospitali zaidi ya 50. Katika kila hospitali waliuliza swali lile lile na kuonyesha picha zile zile.

Waligundua kwamba mkanda haukuwa na mwisho wa kaskazini na kusini tu. Ulikuwa na mwisho wa juu. Karibu na ikweta ugonjwa ulitoweka penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini kwenye baridi zaidi, ndivyo ulivyotoweka kwenye mwinuko mdogo zaidi. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, ambaye alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika misitu ya Bwamba, ng'ambo ya Rwenzori yetu hii, aliona maana yake: mpaka ule ulikuwa wa joto. Baadaye ikaonekana kwamba na mvua inahusika. Palipo na joto na mvua pana mbu, na palipo na mbu pana malaria. Visiwani Unguja na Pemba kuna joto na mvua, lakini malaria ilikuwa imepigwa vita, na uvimbe ulikuwa haba. Hoja ya malaria ikapata nguvu.

Msomaji wa Kasese hahitaji kuelezwa sana. Toka kwenye joto la Bwera na ziwa Edward, panda kuelekea vijiji vya juu vya Bukonzo, na mwili wenyewe utakuambia ulipovuka mpaka. Mtu huyu ambaye jicho lake moja lilimnyima kipimo cha kina ndiye aliyeupima ugonjwa kwa pande tatu: urefu wa nchi, upana wa nchi, na kimo cha mlima.

KIRUSI NA TIBA

Machi 22, 1961, kabla ya safari ile, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwako mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vinavyosababisha saratani. Walikubaliana vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa miaka kadhaa Epstein hakupata kitu. Mwishoni mwa 1963 shehena moja ilichelewa kwa sababu ya ukungu, na chembe zikawasili zikielea hai ndani ya maji yake. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi walichokiona humo, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Leo kinaitwa Epstein-Barr. Karibu kila mtu duniani hukipata na wengi hawadhuriki. Ni kikikutana na malaria ya mara kwa mara kwa mtoto mdogo ndipo hatari huongezeka.

Upande wa tiba, upasuaji haukusaidia. Kukata taya kulimharibu mtoto uso, na uvimbe ukarudi. Kampala haikuwa na mashine za mionzi. Kwa hiyo Burkitt alijaribu dawa mpya za saratani alizopewa na wafadhili wa ng'ambo, kama methotreksati na saiklofosfamaidi, huku Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo, akifanya hivyo hivyo Nairobi. Matokeo yaliwashangaza wote. Uvimbe uliojaza uso ulinywea ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa kwa dozi chache tu. Wakati huo madaktari wengi duniani waliamini kwamba dawa pekee haziwezi kuponya saratani. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 na kurudi Uingereza. Huko aliendelea na maswali yake ya anatoka wapi na anakula nini, akawahimiza Wazungu kula vyakula visivyokobolewa kama alivyowaona wakulima wa Afrika wakila. Alifariki Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

NENO KWA WALIOREJEA NA WAVUKA MPAKA

Nimebakiza jambo ambalo naona linatuhusu zaidi sisi wa Kasese. Mwaka 1966 Burkitt na mwenzake Dennis Wright waliangalia wagonjwa wa Uganda kwa asili zao. Waliona kwamba nyanda za juu za kusini-magharibi zilikuwa na wagonjwa wachache. Lakini watu waliotoka Kigezi, Rwanda na Burundi, kwenye baridi, wakahamia Buganda kwenye joto, waliupata ugonjwa, tena wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji. Mtoto aliyezaliwa penye malaria mwili wake huizoea mapema, na hatari yake huwa ni utotoni. Anayeshuka kutoka mlimani mwili wake hauna mazoea hayo, hata akiwa mkubwa.

Sasa tujitazame. Wapo waliokimbilia milimani au Kongo vita vilipoanza hapa mwaka 1996, wakarejea na watoto waliozaliwa huko. Wapo wafanyabiashara wenye familia Butembo na Lubero, kwenye mwinuko na baridi, wanaowaleta watoto Bwera au Kasese kusoma. Mtoto wa miaka 10 au kijana wa miaka 15 aliyeshuka hivi hapaswi kunyimwa chandarua kwa kuwa amekua. Homa yake ipimwe damu mara moja. Na akivimba taya au tumbo, mtu asiseme huo ni ugonjwa wa watoto wadogo tu.

Dalili za kuogopa ni hizi: magego zaidi ya moja yanayocheza kabla ya wakati, ufizi uliovimba pamoja na mfupa, jicho linalotokeza, tumbo linalokua upesi, au miguu inayoishiwa nguvu ghafla. Jipu la jino kwa kawaida huuma, huwa na joto na hutoa usaha. Uvimbe huu mara nyingi hauumi sana mwanzoni, ndiyo maana hudanganya. Kumbuka pia kasi yake. Chembe zake zinaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo wiki moja ya kusubiri si wiki moja kama ya maradhi mengine.

Mtoto wa hivyo asing'olewe meno sokoni wala asichanjwe. Afikishwe hospitali, iwe ya Bwera, Kagando au Kilembe, na mzazi aombe apimwe mwili mzima na kuandikiwa barua ya kwenda kwenye matibabu ya saratani, Kampala au Mbarara. Akianza dozi aimalize. Wengine huona uvimbe umenywea baada ya sindano za kwanza, wakavuka mpaka kurudi kwenye biashara, na ugonjwa ukarudi na nguvu zaidi. Watoto wengi wanaofika mapema na kumaliza dozi hupona, hukua, nao hupata watoto wao.

Karatasi ya hospitali nayo itunzwe kama inavyotunzwa risiti ya forodha. Daktari wa Beni akiiona atajua kilichofanywa Kampala, na wa Kampala atajua mtoto alikaa wapi, kwa miaka mingapi, na aliugua malaria mara ngapi. Maswali hayo ndiyo Burkitt aliyoyauliza katika hospitali zote zile, na mwenye majibu yake ni wewe mzazi unayejua njia mlizopita.